Neno Lililobaki Mlimani

Sala hailipiti neno njiani. Jana mlimsikia mzee Anyosisye akiwaambia hivyo wale mabinti wawili wa kwaya waliokuwa wamenuniana, kisha akakataa kufungua mazoezi kwa sala mpaka watoke nje wakazungumze. Ninyi mkacheka, halafu mkaja kwangu kuniuliza usemi huo ameutoa wapi. Hakuutoa mbali, wanangu. Umetoka hapa hapa Lusungo, na chanzo chake ni hiki.

Wakati huo nyumba za hapa zilikuwa chache, na msitu wa mianzi ulishuka hadi kwenye mashamba ya viazi. Ukungu wa mlima Rungwe mnaujua, lakini ule wa zamani ulikuwa mwingine. Ukishuka asubuhi ulikaa hadi jioni. Mtu aliyekwenda kuchota maji aliimba njia nzima, ili wa nyumbani wajue yuko wapi.

Palikuwa na mwanamke jina lake Atuganile, mke wa Ambokile. Mama huyu alikuwa amejaliwa kuomba. Akisimama kanisani, hata watoto wachanga walitulia. Alijua kumsihi Mungu kwa maneno laini, moja baada ya jingine, kama mtu anayemfunika nguo mtoto aliyelala. Watu walitoka kilima cha pili kuja kumchukua akawaombee wagonjwa wao, na wengi walisema kwamba ile sauti peke yake ilikuwa nusu ya dawa.

Nyumbani alikuwa na ulimi mwingine. Hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Alilima, alipika, alimtunza binti yake mchanga, Lugano, na mumewe hakulala njaa. Lakini Ambokile alikuwa mtu wa polepole, mwepesi wa kusahau, na tabia hiyo ilimkera mkewe kama moshi wa kuni mbichi. Akisahau jembe shambani, aliambiwa. Akichelewa kuezeka jiko, aliambiwa, wala si kwa maneno ya kanisani. Majirani walikuwa na msemo wao: Mungu anapewa asali, Ambokile anaachiwa nyuki.

Sasa, ng'ombe wao alikuwa amezaa ndama jike, baada ya kukaa muda mrefu bila kuzaa. Asubuhi moja Ambokile akafungua zizi kutoa samadi. Jirani akapita, wakasalimiana, wakazungumza habari za mvua, na Ambokile akasahau kurudisha fito za mlango. Alipokumbuka, zizini alibaki mama mtu peke yake, analia.

Atuganile alikuwa jikoni, amekwisha kuvaa nguo za kanisani. Siku hiyo kulikuwa na maombi ya kina mama, naye ndiye kiongozi wao.

"Mama Lugano," Ambokile akasema kutoka mlangoni, "ndama hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Nilisahau fito."

Atuganile akaweka chini chungu alichokuwa ameshika. "Ulisahau fito. Juzi ulisahau jembe, na kabla ya hapo ulisahau kwamba jiko linavuja. Kuna kitu gani hujakisahau, baba Lugano? Ungesahau na njia ya kuja hapa, tungepumzika."

"Nyayo zinaelekea mianzini. Nitamfuata."

"Mfuate."

Ambokile akachukua fimbo yake. Alipofika mwisho wa uwanja, ukungu ulikuwa umemfika mabegani. Atuganile akatoka mlangoni, akamwita kwa jina. Akageuka upesi. Pengine alidhani anaitwa apewe kiazi cha kula njiani.

"Usirudi," Atuganile akasema. "Umesikia? Usirudi."

Hakupaza sauti. Alilitamka neno hilo taratibu, kama mtu anayetoa agizo, na ukungu ukalipokea. Ambokile akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mtu aliyetumwa chumvi, akaingia mianzini.

Atuganile alikwenda kanisani, na wanasema siku hiyo aliomba vizuri kuliko siku zote. Aliziombea ndoa za watu. Aliporudi, ndama alikuwa zizini ananyonya, miguu imejaa tope la mlimani. Mumewe hakuwapo.

Mchana ukapita. Jioni alimwekea chakula, akakifunika. Usiku aliacha moto ukiwaka, na asubuhi chakula kilikuwa vile vile.

Kengele ya kanisa ikapigwa, wanaume wakakusanyika, wakapanda mlimani. Aliyewaongoza ni mzee Asegelile, mzee wa kanisa na mjomba wake Ambokile. Walikuwa na ngoma na mapanga, wakaondoka wakiita, na sauti zao zikasikika hadi zilipomezwa na mianzi. Watu walitegemea watashinda huko hadi jioni. Lakini kabla ya saa sita walikuwa wamerudi. Walishuka wakiwa wamebanana kama mifugo iliyonusa chui, na hakuna aliyezungumza na mwenzake.

"Hatukumwona," Asegelile akamwambia Atuganile. Alimwambia huku akitazama chini.

Jioni ile kanisa lilijaa. Atuganile akasimama kumwombea mumewe, na kina mama wakalia. Akasema, "Baba, mrudishe. Mshike mkono, umwonyeshe njia ya nyumbani." Kila aliposema mrudishe, kanisa liliitikia amina. Akagundua kwamba upande wa kulia, penye benchi walilokaa wanaume waliopanda mlimani, hapakutoka amina hata moja. Akafumbua jicho akawatazama. Walikuwa wameinamisha vichwa. Mmoja wao, kijana anayeitwa Ipyana, alikuwa ameziba masikio kwa viganja.

Kesho yake ukungu ulishuka hadi uwanjani kwake. Atuganile alikuwa nyuma ya jiko anamwaga majivu, Lugano amefungwa mgongoni. Ng'ombe akaacha kutafuna, akainua kichwa kutazama mlimani. Kuku nao wakatulia. Ndipo Atuganile akasikia sauti ya mwanamke huko juu. Ilikuwa sauti tulivu. Akadhani ni jirani aliyekwenda kuokota kuni, akasimama asikie anasema nini.

"Usirudi," ile sauti ikasema. "Umesikia? Usirudi."

Mwangwi mnaujua, hata watoto huuchezea. Mwangwi humfuata aliyesema, na hufifia. Huu haukumfuata mtu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amesema neno. Wala haukufifia. Ulikuwa sauti yake mwenyewe, yenye ule utulivu, na ile pumzi fupi katikati, kama ilivyotoka kinywani mwake siku ile.

Akapiga magoti pale pale kwenye majivu yaliyolowa. "Bwana, mrudishe," akaanza, "Bwana, usimwache—" Hata hakumaliza sentensi. Ile sauti ikasema tena, juu ya sala yake, kama mtu mzima anayeongea wakati mtoto anaongea. Atuganile akapaza yake. Ile nyingine haikupanda wala haikushuka. Kisha akamhisi mtoto anajigeuza mgongoni. Lugano alikuwa amegeuza shingo kuelekea mlimani. Alikuwa anatabasamu, amenyoosha mkono, anamtaka mama yake.

Atuganile hakumaliza sala ile. Alishika njia hadi kwa mzee Asegelile.

Alimkuta mzee barazani, anachonga mpini wa jembe. Asegelile alipomwona namna anavyopumua, akaacha kuchonga.

"Umelisikia," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ninyi mlilisikia lini?"

"Jana. Kwanza mbele yetu, halafu nyuma yetu. Tulidhani umetufuata. Ipyana akakuita kwa jina, halikumjibu. Likasema lile lile."

"Mbona hamkuniambia, mjomba?"

"Tungekuambiaje? Wewe ndiye unayetuombea."

Atuganile akakaa kwenye ukingo wa baraza. "Ni shetani," akasema. "Ameiba sauti yangu. Tuite wazee, tufunge, tuombe, tumfukuze."

"Tutafunga. Lakini kabla hatujafunga, nieleze jambo moja. Mpwa wangu alipoondoka, ulimwambia nini?"

Mama yule, aliyejua maneno yote ya kumwambia Mungu, hapo hakuona hata moja la kushika.

"Nilimwambia asirudi."

"Kwa hasira? Ulipiga kelele?"

"Hapana. Nilisema taratibu. Nilitaka limwingie."

Mzee Asegelile akaweka mpini chini. "Basi shetani hakuiba kitu. Neno ni lako. Ulilituma, likaenda, likafika, na sasa linaifanya kazi uliyolituma."

"Lakini nimeomba, mjomba. Kanisa zima limeomba. Ina maana Mungu anashindwa na neno langu?"

"Mungu hashindwi. Lakini Ambokile yuko mlimani, hakuwa kanisani kuisikia sala yako. Kutoka kwako wewe, neno alilolisikia mwisho ni lile. Unamwomba Mungu amlete, na wewe mwenyewe umesimama mlangoni unamzuia." Kisha akasema maneno haya ambayo baadaye kila mtu aliyashika. "Sala hailipiti neno njiani, mwanangu. Neno lako liliondoka kwanza. Nenda ukaliondoe njiani, sala ipate pa kupita."

"Nitalipata wapi?"

"Huko linakosema."

Atuganile alimwacha mtoto kwa mke wa Asegelile. Mzee akamsindikiza hadi mahali mashamba yanapoishia, akakaa juu ya jiwe. "Hapa ndipo mwisho wangu," akasema. "Jana tulikwenda wengi, na haikusaidia."

Mwanamke akaingia mianzini peke yake. Ndani mlikuwa na mwanga wa kijivu, na maji yalidondoka kutoka majanini ingawa mvua haikunyesha. Mianzi iligongana juu kwa juu bila upepo. Hakwenda mbali kabla hajaziona nyayo. Alizijua. Mumewe alikuwa na mguu wa kushoto unaokanyaga kwa nje. Nyayo zilikuwa zinashuka kuja nyumbani, hatua ndefu za mtu mwenye haraka. Zilifika mahali fulani, zikasimama, zikageuka, zikapanda tena. Akaangalia vizuri, akaona si mara moja. Zilikuwa zimeshuka na kugeuka, zimeshuka na kugeuka, mpaka majani yamelala na udongo umekuwa laini kama njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Zote ziligeukia mahali pamoja. Atuganile akasimama pale pale, akavuta pumzi. Aliisikia harufu ya moshi wa jiko lake.

Ndipo sauti ikasema mbele yake, "Usirudi."

Akaanza kuomba. Aliomba kama anavyoomba kanisani, kwa yale maneno laini, na maneno yakaanguka majanini pamoja na maji. Sauti ikasogea. Ilisema kushoto kwake, ikasema nyuma yake. Haikuwa na ukali wala chuki, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Ilikuwa kama mtu anayemfundisha mtu kazi. Alikuwa hajawahi kuisikia sauti yake akiongea na mumewe. Sasa aliisikia, tena na tena, na hakukuwa na mlango wa kufunga.

Mwisho akaacha kuomba. Akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuulizia kuni, "Baba Lugano, nimekuja."

Sauti ikamjia karibu. Ilisema sikioni mwake. Kisha akahisi baridi midomoni, na midomo yake ikaanza kucheza yenyewe. Akatambua kwamba lile neno lilikuwa linasemwa na kinywa chake. Aliuma meno akakifunga. Neno likabaki ndani, zito na la baridi juu ya ulimi, kama kokoto lililotolewa mtoni. Lilikuwa linataka kutoka. Kulitema kungekuwa kulituma tena. Akalimeza. Lilipita kooni likikwaruza, machozi yakamtoka, akaegemea mwanzi mpaka likashuka.

Msitu ukanyamaza.

"Nilikukosea," Atuganile akasema, na sauti iliyotoka ilikuwa imekauka kiasi kwamba hakuitambua. "Rudi nyumbani."

Mtu akakohoa. Ambokile alikuwa ameketi juu ya gogo hatua chache tu kutoka hapo, mahali ambapo wanaume walipita jana na ngoma zao. Alikuwa amelowa, amekumbatia fimbo. Macho yake hayakuwa kwa mkewe. Yalitazama ukungu nyuma ya bega lake.

"Wewe ni yupi?" akauliza.

Atuganile alitamani kusema kwamba yeye ndiye mke wake, na yule mwingine alikuwa uongo. Lakini alikuwa amelimeza, na alijua ladha yake.

"Ni mimi yule yule," akasema. "Nilisema usirudi, na nilikusudia. Sasa nasema rudi, na hili nalo nalikusudia. Lile lilikuwa kosa. Nisamehe."

Ambokile akafikiri. Hata pale hakuwa mtu wa haraka. "Kila nilipofika penye harufu ya moshi, ulinikataza," akasema. "Niliwasikia na kina mjomba wakiita. Nikajiambia, hao ni watu wa nje tu, lakini huyu ni mke wangu, anajua anachosema. Nikapanda tena." Akafuta maji usoni. "Na ndama?"

"Yuko zizini. Alirudi mwenyewe."

"Nani alimwambia arudi?"

"Hakuna aliyemkataza," Atuganile akasema, na hapo ndipo alipolia.

Alimshika mkono wakashuka. Walipofika penye ule moshi, miguu ya Ambokile ikagoma. Akasikiliza, akisubiri kukatazwa. Ikabidi mkewe amwambie tena, "Twende," na hatua iliyofuata amwambie tena. Hivyo ndivyo alivyomfikisha, neno kwa hatua, hadi walipomkuta mzee Asegelile amesimama na blanketi mkononi.

Ambokile aliishi. Vidole vya mguu wake wa kushoto vilikufa kwa baridi, na kikohozi hakikumwacha hadi uzeeni. Na jambo moja lilibaki naye. Siku ya ukungu alikuwa akitoka shambani anasimama nje ya mlango wake mwenyewe, jembe begani, haingii. Wapitaji walimwona, wakajua anasubiri nini. Mkewe alikuwa anaacha alichokishika, hata kama ni mtoto analia, hata kama asubuhi walikosana, anakuja mlangoni anamwambia, "Karibu ndani, baba Lugano." Hapo ndipo anaingia. Kuna siku alimwambia akiwa bado na hasira naye, na ilibidi ajikaze. Lakini alimwambia.

Ile sauti laini ya kanisani haikurudi tena. Tangu siku ile Atuganile alikuwa na sauti moja tu, ya mkwaruzo, aliyowaitia kuku na kumwombea mgonjwa. Aliomba wamwondoe katika kuongoza maombi, kina mama wakakataa. Basi akawa anaongoza kwa njia yake. Kabla hajafumba macho aliwatazama waliokusanyika, akauliza, "Kuna aliyeacha neno nyumbani?" Mara nyingi mama mmoja ananyanyuka, anajifunga kanga, anatoka. Wenzake walikaa wakamsubiri, hata kama jua linazama, mpaka arudi. Sala yenyewe ilikuwa fupi sana, na hakuna aliyelalamika.

Watu wa Lusungo wakayachukua maneno ya mzee Asegelile, wakayatumia harusini, msibani, na hata kwenye ugomvi wa mipaka ya mashamba, mpaka wengi wakasahau yalitoka kwa nani. Kwa hiyo mzee Anyosisye jana hakuwa anawaonea wale mabinti. Aliwaona wote wawili wamefumba macho, wako tayari kumwambia Mungu maneno matamu, na kila mmoja ana neno lake ambalo bado liko njiani kwa mwenzake.

Sasa mnajua usemi huo ulikotoka. Mnayo saa nzima kabla ya ukungu kushuka, na kwenu si mbali. Sala hailipiti neno njiani.